Kwa Pacifique, Uliyetuachia Ukuta Bila Maelezo

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, Pacifique, na watu wa Kasongo wanaosoma tangazo hili wanangoja tuseme kwamba machozi yetu hayajakauka. Hayajakauka, ni kweli. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumewadanganya, na wewe hukupenda uongo. Mwaka huu tumekulilia kidogo na kukugombeza sana. Mke wako Marcelline ndiye aliyekugombeza kuliko sisi wote: jikoni, shambani, na mara moja hata kanisani, mpaka mama aliyekaa mbele yake akageuka akidhani anasemwa yeye.

Tuanze na wema wako, maana haki ni haki. Hakuna aliyefika kwako saa ya chakula akaondoka na njaa, hata kama kilichokuwepo ni sombe ya jana, majani ya muhogo matupu. Ukikuta kiti cha mtu kimelegea mguu, ulikigeuza ukakitengeneza huku maongezi yakiendelea, na mwenye kiti hakujua mpaka alipokikalia tena. Uliimba vibaya na ulipenda kuimba. Tulikuvumilia.

Ila kutembea na wewe ilikuwa adhabu. Hukuweza kupita mbele ya kitu kilichotupwa. Kutoka sokoni mpaka nyumbani uliinama na kuinuka, kifuniko cha sufuria hapa, soli ya kiatu pale, na Marcelline akatembea mbele kidogo ili wasimjue kwamba ni mke wako. Jioni alimwaga mifuko ya suruali yako juu ya meza, akauliza, "Papa Sonia, hii yote ya nini?" Nawe ukajibu, "Sijui bado."

Kazi yako yenyewe ni ngumu kumweleza mtu ambaye hakuiona. Wengine huchora picha wakaitundika ukutani. Wewe uliufanya ukuta wenyewe utoke nje. Ulipachika mbao za mitumbwi iliyochakaa ya Nyangwe, makarai yaliyotoboka ambayo rafiki yako Moustapha alikuletea kwa pikipiki kutoka machimbo ya Salamabila, spoki za baiskeli, maganda ya konokono, vitambaa vya rafia, kufuli zisizo na funguo, mifupa ya samaki. Ulipomaliza ukuta wa sebule yetu, ulikuwa na vilima na mabonde, mto umepita katikati, na mitumbwi imechungulia ndani ya nyumba kiasi cha mkono mzima. Jua la asubuhi lilipoingia mlangoni, vivuli vilihama polepole toka ng'ambo moja ya mto mpaka ya pili. Watoto wa majirani walikuja kuviangalia kabla ya kwenda shule, na Marcelline aliwafukuza kwa ufagio huku naye akiangalia.

Kaka yako Jean-Paul, siku ya kwanza alipoingia, alivua koti akalitundika kwenye ncha ya mtumbwi.

"Yaya, toa koti," ulimwambia, kama tunavyomwita kila ndugu mkubwa.

"Sasa hii kitu iko na kazi gani, kama haiwezi kubeba hata koti?"

"Inabeba macho yako, yaya."

Jean-Paul alilitoa koti akakaa nalo mapajani, amenuna. Lakini kila aliyemleta mgeni Kasongo alimpitisha kwetu kuona ukuta, na Jean-Paul alikuwa wa kwanza kusema, "Mdogo wangu huyu."

Kazi zako nyingine za ukutani hazikudumu. Ile ya Nyangwe ilikwenda na nyumba yake masika yalipozidi. Ile ya baa kule Salamabila, mwenye baa mpya aliibomoa apate nafasi ya friji. Ikabaki hii moja tu ya kwetu. Nawe hukutaka hata siku moja kuitengenezea ubao wa kuhamishika. Ulisema ukuta ni ukuta, anayetaka kitu cha kubeba akanunue mkoba.

Na hapa ndipo ugomvi wetu unapoanza. Kila ulipoanza kazi, ulitundika mkeka mlangoni na hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka udongo umepakwa. Binti yako Sonia alikuuliza tangu utotoni, "Papa, vitu vinashikwa na nini?" Nawe ulimjibu, "Vinashikwa na uvumilivu." Sisi sote tukacheka, tukaona ni jibu zuri. Leo tunaona ni jibu la mtu aliyedhani bado ana muda. Presha ilikuchukua kati ya Jumapili na Jumatano, na uvumilivu wako ukaenda nawe.

Kwa desturi ya ukoo wetu, nyumba ya marehemu haiachwi kama alivyoiacha. Siku ya kumaliza matanga dada zake huja na udongo mweupe, wakazisiliba kuta zote kwa viganja vyao, ili majonzi yasipate mahali pa kushika. Siku hiyo mjane hukaa chumbani, mlango umefungwa, na hasemi neno lolote mpaka mawifi wamalize na kumtoa wenyewe kwa mkono. Ni desturi ya heshima. Mabibi zetu waliifuata, wala hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ingekutana na mtu mwenye mitumbwi ukutani.

Marcelline alikaa juu ya mkeka akasikia mabeseni yakiwekwa chini. Alimsikia dada yako mkubwa, Véronique, akigawa kazi. Alisikia viganja vikipiga ukuta wa chumba cha watoto, kisha ukuta wa ghala, kisha hatua zikaingia sebuleni. Akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu.

"Pole, Mama Sonia, ni vumbi," Véronique alisema kwa nje.

Marcelline akachukua kijiko akagonga kitanda. Kisha mlango ukafunguliwa nusu, mkono wa mtu ukaingiza bakuli la uji. Naye afanye nini? Akaunywa ule uji huku akilia, na viganja vikaendelea kupiga upande wa pili wa mlango. Mawifi waliomchungulia walisema mjane huyu ana uchungu wa kweli. Uchungu alikuwa nao, lakini siku hiyo nusu yake ilikuwa hasira, na hatuoni sababu ya kuificha.

Alipotolewa, Véronique alimshika mkono akamsimamisha sebuleni.

"Angalia vile tumekutengenezea. Ukuta iko safi, haina hata kilima moja."

Kweli, haukuwa nacho. Mabonde yalijazwa, vilima vikazikwa, mitumbwi ikamezwa mpaka ncha. Walikuwa wamerudi kuchota udongo mara nyingi, migongo ikiwauma, kwa ajili ya mapenzi tu. Ukuta ulikuwa mnene, mweupe, umenyooka toka kona hadi kona.

"Yaya," Marcelline alisema, "ile ilikuwa kazi ya ndugu yako."

"Kazi gani tena? Ile ilikuwa matope yenye kuvimba. Batu bangesema tulimuzika Pacifique, tukaacha nyumba yake na vidonda."

Udongo wa matanga haukwaruliwi. Ukiukwarua, wazee wanasema, umeuita msiba mwingine. Kwa hiyo ukoo ukakaa kikao. Jean-Paul, kama mkubwa wa wanaume, akasikiliza kila upande, akakuna kidevu, akasema, "Tutaona." Tukakaa kikao kingine baada ya mavuno ya mpunga. "Tutaona." Moustapha alikuja toka Salamabila akaomba aruhusiwe kuuosha ukuta polepole kwa maji, vile wanavyoosha mchanga wa dhahabu. Jean-Paul akamsifu sana kwa wazo hilo, kisha akasema tutaona. Kama kuna ugonjwa uliouacha katika damu ya ndugu zako, Pacifique, ni huo.

Marcelline alipika, akala na kuzungumza mbele ya ukuta mweupe karibu mwaka mzima. Siku moja alipokuwa peke yake alichokoa kidogo kwa kijiko, nyuma ya mlango ambapo hapaonekani. Akalipata ganda la konokono. Alilifurahia, kisha likabanduka ukutani na kubaki kiganjani mwake. Alijaribu kulirudisha kwa udongo mbichi, likaanguka. Akajaribu tena, likaanguka tena. Akaliweka dirishani, akakuita jina ambalo haliandikwi katika tangazo.

Ungedhani ni mambo ya ukumbusho tu, mjane na picha yake. Si hivyo. Sonia ameichukua kazi yako. Kina mama wa parokia kule Kabambare walimwomba awatengenezee ukuta wa nyumba yao ya mikutano, mlima na mashamba na wanawake wakirudi na mizigo, kama wa baba yake. Alikubali kwa furaha. Akakandika udongo, akavipachika vitu vikiwa vibichi kama alivyodhani unafanya wewe. Vikaanguka. Akaongeza simenti, vikaanguka pamoja na simenti. Akapiga misumari, matofali mabichi yakapasuka. Kina mama wakamketisha chini.

"Sonia, mutoto yetu, tunakupenda," walimwambia, "lakini karai ilimuangukia Mama Esther-Divine mu bega. Ikianguka tena, tutapaka chokaa, tumalize."

Alimpigia mama yake simu. "Mama, nimechoka. Papa alikuwa anazishika na nini? Nikishindwa hapa, hakuna mutu mwingine atanipatia ukuta." Marcelline aliishi na wewe ujana wake wote, na nyuma ya ule mkeka hakuwahi kuingia. Alikata simu akasimama mbele ya ukuta mweupe, maana jibu lilikuwa pale, unene wa mkono mmoja tu ndani, na yeye haruhusiwi kuligusa.

Kesho yake alimfunga kuku miguu akaenda kwa Véronique.

"Yaya, mkono uliofunga ndio unaofungua. Nimekuja kukuomba mkono."

"Unataka nifungue matanga ya ndugu yangu juu ya vyuma na mifupa ya samaki?"

"Juu ya Sonia."

Véronique akamchukua kuku akaingia naye ndani, wala hakutoka. Hilo la kuku ndilo lililotuudhi zaidi. Marcelline alirudi nyumbani kwa miguu akiwa hana ndiyo, hana hapana, hana kuku.

Zikapita siku. Tulikuwa tumeanza mapema, miezi miwili kabla, kuandaa uwanja kwa ajili ya misa yako, na Sonia alikuwa amefika kutoka Kabambare, amekonda. Véronique akaingia bila kubisha hodi, amejifunga kitenge cha kazi, ana beseni la maji na kitambaa. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka viganja vyake viwili juu ya ule weupe, akafumba macho.

"Hapa iko mutumbwi," alisema. Akasogeza mkono. "Hapa iko kitu ya mviringo, ilinikata kidole. Hapa kufuli. Hapa hii ndogo-ndogo, mifupa."

Marcelline alisahau desturi na adabu. "Kumbe ulijua?"

"Nilipaka na hii mikono yangu, Mama Sonia. Nisijue namna gani?"

"Sasa juu ya nini ulifunika?"

"Juu kila fasi, kila pahali nilishika, nilimushika yeye. Nikaona ikibaki wazi, mi sitaingia tena mu hii nyumba."

Akalia, naye Marcelline akalia, wakiwa wamesimama mbali mbali. Tungependa kukuambia kwamba ugomvi uliishia hapo. Haukuisha. Marcelline alimhurumia wifi yake, na papo hapo alitamani kummwagia lile beseni. Vyote viwili vilikuwemo.

Véronique akaanza kulowesha. Ni mwanamke ambaye hafanyi kazi nusu nusu. Jean-Paul, ambaye safari hii hakuulizwa, alipiga kelele toka mlangoni, "Polepole!" Dada yako akamjibu kwamba amesiliba nyumba tangu yeye akiwa hajui kuvaa suruali, akaongeza maji. Udongo ukanywa. Ukanywa tena. Tulisikia kitu kikilia ndani, mlio mfupi wa mti, na Sonia akamvuta shangazi yake kwa kiuno. Ukuta wako ukaachia juu kwanza, ukainama kuelekea kwetu, ukaanguka sakafuni mzima mzima, kifudifudi.

Vumbi lilipotulia, Véronique bado alikuwa na kitambaa mkononi.

"Mungu wangu," alisema, "nimemuua tena."

Marcelline alitazama matofali matupu, kisha akatazama chini, na kilichomtoka ni kitu ambacho hakuna mtu anayetazamia katika saa kama ile.

"Fito zangu!"

Mgongo wa ukuta ulikuwa umelala wazi mbele yetu. Ulikuwa wavu wa fito, umefumwa kama ukuta wa nyumba ya zamani kabla haujakandikwa, na fito zile zilikuwa za banda lake la kuku, zilizopotea miaka iliyopita, ambazo kwa ajili yake aligombana na jirani mpaka leo hawasalimiani. Vigingi vya mti mgumu, vilivyoushika kwenye matofali, vilikuwa vimeng'oka na wavu. Na kila kitu, Pacifique, kila ubao na karai na kufuli, kilikuwa kimefungwa kwa kamba za porini, fundo juu ya fundo, kabla hujagusa udongo. Udongo haukushika chochote. Ulikuwa nguo tu.

Sonia alipiga magoti. Alipitisha kidole kwenye fundo moja, akalifuata linavyozunguka, akalifuata la pili.

"Hakubandika," alisema. "Mama, alifunga. Alifunga kwanza."

Jean-Paul alitaka wanaume waje wakigeuze kipande kile tuone kilichokuwa mbele. Marcelline alikataa. Uso wa ukuta umeshikwa ndani ya udongo wa Véronique, na ukiugeuza utameguka wote. Basi hatutauona tena ule mto, wala vivuli vikivuka. Tuliinua kile kipande jinsi kilivyo, tukakiegemeza, mgongo nje. Majirani wamekuja kuangalia. Mmoja aliuliza kama tunauza kitanda.

Sonia alikaa mbele yake siku nzima akijifunza mafundo kwa vidole, na Véronique akamkatia kamba. Kisha alirudi Kabambare, akabomoa yote aliyoyafanya, akaomba fito kwa kila nyumba. Safari hii Marcelline alimpa za banda la kuku kwa hiari yake. Mvua za kwanza zimepiga ukuta ule, na kina mama wamefanya mkutano wakiwa wameuegemea. Mpaka tunapoandika haya, hakuna kilichoanguka.

Tumefurahi, na bado tunakasirika. Yalikuwa maneno manne: funga kwanza, kandika baadaye. Mtoto alikuuliza tangu akiwa na meno ya maziwa, Pacifique. Ungeshindwa nini kumwambia?

Wanaokukumbuka leo ni mke wako Marcelline, binti yako Sonia, kaka yako Jean-Paul, dada yako Véronique, rafiki yako Moustapha, na ukoo wote wa Kasongo na Kabambare. Tutakukumbuka siku zetu zote, na mafundo yako tutayafundisha kwa sauti, mlango ukiwa wazi.